Kaya: Mji Unaoitwa Msitu

Makala haya yananuia kujadili neno moja, nalo ni kaya. Msemaji wa Kiswahili wa Tanzania hana shida nalo. Karani wa sensa anapobisha hodi na kuuliza mkuu wa kaya ni nani, mwenye nyumba hujitaja, au akamtaja mumewe au babake, pasi na kuwaza mti hata mmoja. Kwa Mkenya, hususan aliyelelewa bara, neno lilo hilo humletea picha ya msitu: miti mikubwa, kiza, wazee waliojifunga kaniki, na onyo la kutoingia. Tofauti hii ya maana haikuishia katika kamusi. Katika pwani yetu imeamua nini kilindwe, kilindwe na nani, na kwa sheria ipi. Hoja yangu ni kwamba kaya ya Wamijikenda ni mji, na kwamba msitu tunaousifu ulikuwa ukuta wa mji huo. Tumeuhifadhi ukuta, nacho kilichozungushiwa ukuta tukasahau hata kukitaja.

Mahali penyewe

Makaya yapo zaidi ya 40. Yametawanyika juu ya vilima na kando ya bahari katika kaunti za Kilifi na Kwale, na mengi yake ni misitu midogo ya kati ya hektari 10 na 400. Mtu anayesafiri kwa gari kutoka Mombasa kuelekea Malindi au Lungalunga huyaona kwa mbali kama visiwa vya kijani kibichi katikati ya mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho. Wataalamu wa mimea huyathamini mno, kwa kuwa ni masalia ya msitu wa pwani ya Afrika Mashariki ambao zamani ulikuwa mpana zaidi. Katika miamba ya chokaa ya Kilifi, kwa mfano, huota aina ya ua la jamii ya Saintpaulia, ndugu wa maua ya zambarau yanayopandwa vyunguni huko Ulaya. Kusini, katika msitu wa Muhaka, upo mti wa Gigasiphon macrosiphon, mmojawapo wa miti adimu kabisa nchini.

Kuanzia mwaka 1992 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalianza kuyatangaza makaya kuwa makumbusho ya taifa katika gazeti rasmi la serikali. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu 10 katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Miongoni mwayo mna Kaya Fungo ya Wagiriama, makaya ya Wajibana, Wakambe, Wakauma na Waribe, makaya matatu ya Warabai, Kaya Mtswakara ya Waduruma, na Kaya Kinondo ya Wadigo iliyo karibu na Diani. Jina rasmi la urithi huo likifasiriwa ni Misitu Mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda. Tazama mpangilio wa maneno: msitu umetangulia, utakatifu ukafuata, na kaya ikaja mwisho kama jina la pambo tu.

Ushahidi wa jina

Mtaalamu wa isimu hana haja ya kwenda mbali. Mijikenda maana yake ni miji tisa. Kenda ni neno la kale la Kiswahili la hesabu ya tisa, na Wamijikenda wenyewe husema midzi ama mudzi pale tusemapo miji ama mji. Uhusiano huo wa sauti ni wa kawaida baina ya Kiswahili na lugha za Kimijikenda, maadamu zote ni za kundi la Sabaki pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Miji hiyo tisa ndiyo makaya ya asili ya Wagiriama, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Wakauma, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Jina la mojawapo ya makaya ya Rabai, Mudzimuvya, linaanza kwa neno hilo hilo la mudzi. Watu hawa, basi, wanajiita kwa miji yao. Hawakujiita Misitukenda.

Jina walilopewa na wengine lilikuwa kinyume chake. Hadi karne ya ishirini waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, na jina la Mijikenda lilikuja kushika nafasi hiyo katika miaka ya 1940. Wamisionari walilipokea jina la Wanyika kutoka kwa wakazi wa Mombasa bila kulihoji. Johann Ludwig Krapf, ambaye sisi wanafunzi wa Kiswahili humtaja kila tunapoandika historia ya sarufi na kamusi, aliweka makazi yake Rabai mwaka 1846, hatua chache tu kutoka makaya ya Warabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850 na kamusi yake mwaka 1882, na mwaka 1887 ikafuata kamusi ya lugha iliyoitwa Kinika. Kwa hiyo uwanja ambamo Kiswahili kilianza kuandikiwa sarufi na Wazungu ulipakana na mji wa wenyeji, na wenyeji hao wakaandikwa kuwa ni watu wa nyika. Huenda hili lingefaa kutajwa katika somo letu la historia ya lugha kila Krapf anaposifiwa.

Muundo wa mji

Mapokeo yanasema kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, kaskazini, wakayajenga makaya kuanzia karne ya kumi na sita. Wanahistoria wamebishana kuhusu safari hiyo. Thomas Spear aliiunga mkono katika kitabu chake cha mwaka 1978, ilhali R. F. Morton alikuwa ameitilia shaka kabla yake. Ubishi huo hauhusu mada yetu, kwa kuwa pande zote zinakubali kuwa makaya yalikaliwa na watu.

Jinsi yalivyokaliwa ndilo jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Kaya ilijengwa katika uwazi uliofyekwa katikati ya msitu mnene, aghalabu juu ya kilima. Msitu haukuguswa, kwani ndio uliomzuia adui. Njia zilizoupenya zilikuwa chache na nyembamba, nazo ziliishia kwenye malango yaliyojengwa kwa magogo. Ndani, kila mbari ilikuwa na upande wake wa nyumba. Katikati palikuwa na moro, mahali pa baraza, ambapo wazee wa kambi walikata mashauri. Fingo, yaani kago la kuulinda mji linalosemekana lililetwa kutoka Singwaya, lilizikwa ardhini humo. Ngoma ya mwanza ilitunzwa na wazee na haikutazamwa na kila mtu. Vijana walipanda vyeo kwa rika.

Mtu yeyote aliyesoma kuhusu miji ya Waswahili ataitambua ramani hii mara moja: ukuta, lango, mitaa ya koo, na mahali pa shauri katikati. Tofauti ni kwamba ukuta wa kule ni wa mawe ya matumbawe na huu ni wa miti. Miiko ya kutokata mti, kutochunga mifugo na kutookota hata kuni, ambayo leo huelezwa kwa watalii kama imani za kale kuhusu mazingira, ilikuwa pia sheria ya mji: atakayetoboa ukuta anatuuza sote. Sikusudii kusema kwamba miiko haikuwa ya kidini. Nasema tu kuwa dini na ulinzi wa mji havikutengana, na sisi ndio tuliovitenganisha katika tafsiri.

Waingereza, ajabu ni kwamba, walilielewa hili kuliko wafasiri wetu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwahamasisha Wagiriama wakatae kutoa vijana wao kwa kazi na kulipa kodi, na viapo vikaliwa Kaya Fungo. Wawili hao walikamatwa wakapelekwa Kisii, wakatoroka, wakarudi kwao mwaka 1914. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya kikoloni ikailipua kaya kwa baruti. Hakuna serikali inayolipua msitu kwa sababu ya miti yake. Walilipua makao makuu.

Gede na kaya

Linganisha na Gede. Gede, karibu na Watamu, ni mji wa Waswahili uliohamwa takriban karne ya kumi na saba. Nao pia umemezwa na miti. Mibuyu na mikuyu imeota juu ya kuta zake, na kima huruka humo wapendavyo. Ulianza kulindwa na serikali mwaka 1927, na James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na jina lililotumika likifasiriwa ni mji wa kihistoria wa Gedi. Miti ya Gede haikuufanya mji huo uitwe msitu.

Kwa nini basi Kaya Fungo ni msitu na Gede ni mji? Jibu la haraka ni kwamba jiwe hubaki na nyumba ya makuti huoza. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Linachukulia kwamba mji ni jengo, na kwamba asiyejenga kwa mawe hakuwa na mji. Huo ndio mtazamo uliozaa neno Wanyika.

Hasara ya tafsiri

Ni haki kukiri kwamba jina la msitu limeleta manufaa. Kilima cha Mrima, katika Kaunti ya Kwale, kina madini adimu na pia kina kaya. Leseni ya kuchimba madini hayo ilifutwa na serikali mwaka 2013, na kampuni husika zilipopeleka dai lao mbele ya mahakama ya kimataifa ya usuluhishi, zilishindwa mwaka 2018. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba kilima hicho kilikuwa tayari kimetangazwa kuwa msitu wa hifadhi na makumbusho ya taifa, na masharti ya kisheria hayakuwa yametimizwa. Bila tangazo hilo, sina hakika tungekuwa na kilima cha kuzungumzia. Kwingineko tangazo halikutosha. Kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya ya Wadigo, kilijengwa hoteli katika sehemu yake, na makaya ya Diani na Tiwi yamekatwa vipande na viwanja.

Pamoja na manufaa hayo, hasara zipo, nazo naona ni tatu, ingawa ya tatu ndiyo inayonisumbua.

Kwanza, msitu ni mahali pa kujificha. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, washambuliaji walipohusishwa na kiapo katika Kaya Bombo, neno kaya lilianza kutumika magazetini kana kwamba maana yake ni kambi ya wahalifu. Mji huwa na raia na sheria; msitu huwa na wanaojificha.

Pili, kivumishi takatifu kina historia yake katika Kiswahili cha makanisa. Muislamu wa Kidigo au Mkristo wa Kigiriama akisikia msitu mtakatifu, husikia mwaliko wa kuabudu miti, naye hukaa mbali na kuwazuia wanawe wasikaribie. Muislamu huyo huyo huingia Gede bila wasiwasi. Anakwenda kuona mji wa wahenga, wala hakuna anayemwita mshirikina.

Tatu ni suala la wenyewe. Mji una wenyeji. Msitu una walinzi. Tukiita msitu, mzee wa kaya anageuka kuwa mlinzi wa miti asiye na mshahara, msaidizi wa afisa wa makumbusho. Tukiita mji, yeye ni mrithi wa baraza lililoketi katika moro, na kauli yake ni kauli ya serikali ndogo. Hata sheria zetu zimeshika njia ya kwanza. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinataja ardhi inayotumiwa na jamii kama misitu ya jamii, malisho au mahali pa ibada. Kaya inaweza kujipenyeza katika la kwanza au la tatu; kwa hali ya mji uliohamwa lakini wenye mamlaka yake, haina pa kuingilia. UNESCO nayo ilipofika kwenye mila za makaya ililazimika kutumia orodha nyingine. Mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya misitu kusajiliwa, mila na desturi hizo ziliwekwa katika Orodha ya Urithi Usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa dharura. Mahali pamoja, orodha mbili: miti imo katika ya fahari, na watu wamo katika ya hatari.

Hatari hiyo si ya mafumbo. Huko Kilifi na Kwale wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ugomvi wa kweli huwa ni wa shamba. Mzee mmoja akifa kwa panga, huenda na majina ya malango, mipaka ya mitaa ya mbari, na maneno ya kuomba idhini ya kuingia. Mawe ya mipaka yaliyowekwa na serikali hayana hata moja ya maneno hayo.

Napendekeza tutenganishe istilahi mbili. Msitu wa kaya uwe ni ile miti inayozunguka, na hapo wataalamu wa mimea waendelee na kazi yao nzuri. Mji wa kaya uwe ni uwazi wa ndani pamoja na moro, malango, makaburi na baraza la wazee. Kuhusu takatifu, sijapata neno mbadala linaloniridhisha. Lenye mwiko limekaribia, lakini linabeba katazo bila heshima. Wadigo na Wagiriama bila shaka wana maneno yao, na hapo ndipo mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza: si kwa kubuni istilahi akiwa maktabani, bali kwa kwenda langoni, kufunga kaniki kama anavyofungwa mgeni Kinondo, na kuuliza mahali aliposimama panaitwaje.