Unakuja Dar? Usianze na bei ya gesti, anza na kituo

Haya wadau, mada ya leo ni kwa wale wanaokuja Dar kwa shughuli ya siku mbili tatu: usaili wa kazi, mgonjwa Muhimbili, viza ubalozini, boti ya Zanzibar au mzigo wa Kariakoo. Huna ndugu wa kukupokea, au unaye lakini chumba chake kimoja tayari kina watu watano. Itabidi ulale gesti. Swali la kwanza analouliza kila mtu ni "bei gani?" Swali si baya, ila likitangulia maswali mengine linakuponza.

Tupige hesabu ya mfano tu. Gesti ya kwanza ni shilingi 15,000 lakini iko ndani ndani huko, bila bodaboda hufiki. Boda shilingi 4,000 kwenda, 4,000 kurudi, bado daladala ya kukupeleka mjini. Gesti ya pili ni 22,000, ukitoka mlangoni unaliona barabara kuu. Ukijumlisha, ile ya rahisi imeshaizidi ya ghali, na hapo hatujahesabu kutembea gizani na begi. Kwa hiyo bei ya chumba ni nusu ya bei. Nusu nyingine ni nauli na usalama wa njia.

UNASHUKIA WAPI?

Wengi bado wana picha ya zamani kichwani: basi linaishia Ubungo, unalala Ubungo au Manzese. Mambo yamebadilika. Februari 2021 ilizinduliwa stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yakahamishiwa huko. Kutoka pale mpaka Posta ni zaidi ya kilometa 20. Mabasi mengine yanaendelea mpaka kwenye ofisi zao maeneo ya Shekilango. Muulize konda mapema, "mwisho wenu wapi?" Usisubiri mpaka taa za mji zimeanza kuonekana.

Anayekuja na treni ya SGR hesabu yake ni nyingine. Treni hiyo ilianza kubeba abiria wa Morogoro Juni 2024 na wa Dodoma Julai mwaka huohuo, na kwa Dar inakushusha mjini kabisa, jirani na Gerezani na Kariakoo. Ukishuka hapo halafu ukafunga safari ya kurudi Ubungo kwa sababu mjomba alilala huko mwaka 2009, unajitesa bure.

SAA TISA USIKU

Mwaka 2023 serikali iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku. Faida yake mnaijua. Tatizo ni kwamba sasa unaweza kushushwa Mbezi saa tisa usiku, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa.

Gesti nyingi zinahesabu siku mpaka saa nne asubuhi. Ukiingia saa tisa usiku na kulipa, muulize mtu wa mapokezi: hii inanifikisha saa nne ya leo au ya kesho? Kama ni ya leo, umenunua saa saba za kulala kwa bei ya siku nzima. Hapo heri ukae ndani ya stendi, sehemu ya abiria penye taa na watu, mpaka kupambazuke.

Na yule kijana anayekudaka mlangoni, "kaka gesti ipo, dada njoo nikupeleke," si lazima awe mwizi. Yupo kazini. Lakini cha juu chake kimo ndani ya bei utakayotajiwa, na gesti ameichagua yeye. Mshukuru, endelea na safari yako.

TAFUTA PENYE NJIA MBILI

Hapa ndipo kiini cha mada. Gesti kuwa karibu na kituo haitoshi. Inatakiwa uwe na njia mbili za kutoka asubuhi, ya kwanza ikigoma unashika ya pili.

Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, watu wengi waliona habari imekwisha: lala popote kando ya Morogoro Road. Lakini pale Jangwani barabara inapita kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikishuka, hasa masika ya Machi mpaka Mei, maji yanajaa, barabara inafungwa na mabasi yanakatishwa. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vituo vya mwendokasi vikachomwa na huduma ikasimama. Aliyekuwa na njia moja tu alikwama. Kwa hiyo kabla ya kulipa chumba, uliza hali ya usafiri ya wiki hiyo, siyo ya mwaka jana.

Sasa tuyaangalie maeneo:

1. Kariakoo na Gerezani. Uko upande wa mjini, Jangwani umeshaivuka. SGR ipo karibu, Posta na boti za Zanzibar ni mwendo mfupi, daladala zipo za kila upande. Ubaya ni kelele na msongamano, na usiku maduka yakifungwa mitaa mingine inakuwa mitupu. Lala hapa kama una treni ya alfajiri, boti ya asubuhi au mzigo.

2. Magomeni. Morogoro Road inakupeleka mjini, Kawawa Road inakupeleka Kinondoni upande mmoja na Ilala upande wa pili. Ni makazi ya watu, usiku unasikia majirani. Ila msimu wa mvua kumbuka kwamba Jangwani iko mbele yako.

3. Kinondoni karibu na Morocco. Njia ya pili hapa ni Ali Hassan Mwinyi Road, inayoingia mjini kwa Daraja la Salander bila kugusa Jangwani. Kwa mwenye safari ya ubalozini maeneo ya Oysterbay au Msasani, hapa pana maana.

4. Ubungo, Shekilango na Sinza. Wa Chuo Kikuu Mlimani na wa Mwenge, hapa ndipo penu: Sam Nujoma Road inaenda Mwenge, Mandela Road inaenda Buguruni na Tazara, Morogoro Road inaenda mjini. Sinza ina gesti nyingi sana, ila chagua iliyo mbali na baa kama unataka kulala.

5. Mbezi na Kimara. Lala hapa kama basi lako ni la alfajiri, au umefika usiku na umechoka. Kama una usaili Posta saa mbili asubuhi, foleni ya Morogoro Road haijui kwamba wewe ni mgeni.

Wa Muhimbili nawataja peke yao. Hospitali iko Upanga, upande wa mjini. Mwenye mgonjwa anaitwa saa yoyote, kwa hiyo ni bora aongeze elfu chache alale upande huohuo kuliko kuokoa hela halafu simu ya usiku imkute ng'ambo ya maji.

DAKIKA TANO KABLA YA KULIPA

Usilipe kabla ya kuona chumba. Si ushamba huo, ni haki yako. Ukiingia ndani angalia haya:

- Kitasa na komeo. Funga mwenyewe kwa ndani, vuta mlango. Kama komeo linacheza, omba chumba kingine.
- Dirisha. Nondo zinazuia mwizi, lakini moto ukiwaka zinakuzuia na wewe. Jua njia ya kutokea na hakikisha mlango wa nyuma au wa ngazi haufungwi kwa kufuli usiku. Namba ya zimamoto ni 114, ya polisi 112.
- Maji na taa. Fungua bomba, usiridhike na kuambiwa "maji yapo".
- Chandarua. Kitazame kama kina matundu.
- Kitabu cha wageni. Gesti isiyokuandikisha haijui nani kalala chumba cha jirani yako. Toa kitambulisho, andika, dai risiti.
- Wateja wa saa moja moja. Gesti inayoishi kwa "shoti taimu" watu wanaingia na kutoka usiku kucha. Usingizi hakuna, na hakuna anayejua sura ya nani.

Dada anayesafiri peke yake aombe chumba cha juu kilicho karibu na mapokezi, na amwambie mhudumu asiitaje namba ya chumba kwa sauti mbele za watu. Ukilala katikati ya mji, ulizia pia hosteli za taasisi za dini. Mara nyingi zina utulivu na geti linafungwa mapema.

PESA KWA SIMU

Ukiona tangazo la chumba kizuri kwa bei ya kutupa na mwenye tangazo anataka utume pesa kwanza "chumba kisichukuliwe", acha. Piga simu, muulize kituo gani kiko karibu na nauli ni kiasi gani mpaka mjini. Mtu wa gesti ya kweli anajibu hapo hapo. Ukifika, lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, siyo kwa namba ya mtu binafsi.

Na wewe uliyekaa kwenye kafe sasa hivi, kabla muda wako haujaisha fungua ramani, tafuta mahali unapokwenda, kisha rudi nyuma barabara kwa barabara mpaka unapotaka kulala. Andika kwenye karatasi majina ya vituo viwili na namba za gesti mbili. Simu inaweza kuzima chaji njiani, karatasi haizimi.

Mwenye gesti anayoiamini aitaje hapo chini: mtaa, kituo cha karibu, na bei aliyolipa mwaka gani. Naomba kuwasilisha.