Kijana Aliyeacha Kuimba

Leo tumekuja na habari ambayo wazazi hutuletea baada ya ibada, watu wengine wakiisha kuondoka. "Mwanangu amebadilika. Akirudi nyumbani hujitupa kitandani. Nikimwita kula asema ameshiba. Je, ni uvivu? Ni bangi? Ni pepo?"

Tumfikirie kijana wa miaka 16. Baba yake alipoteza kazi mjini, karo ikakosekana, naye akaondolewa katika shule ya bweni na kupelekwa shule ya kutwa karibu na kwao. Hakuna aliyefariki, kwa hiyo hakuna aliyempa pole. Kwa wazazi, jambo lilikuwa fedha. Kwake yeye, lilikuwa rafiki wawili, timu ya mpira, na aibu ya kuitwa jina lake mbele ya darasa. Baada ya mwezi mmoja aliacha kwaya, na mama yake akasema amekuwa na kiburi.

Hiyo ndiyo huzuni nzito inayoletwa na tukio. Madaktari huitambua kwa kuwa huanza upesi, kwa kawaida katika miezi 3 ya kwanza, na mara nyingi hupungua kabla ya miezi 6 kupita tangu taabu yenyewe ilipokwisha. Angalieni maneno hayo: ilipokwisha. Karo ikiwa bado inadaiwa na wazazi bado wanagombana usiku, taabu haijaisha, wala haifai kumwambia mtoto kwamba muda wake wa kuhuzunika umekwisha.

Tena huzuni ya kijana haifanani na yetu. Mtu mzima hulia. Kijana hupiga mlango kwa nguvu. Hukasirika kwa neno dogo, alama zake hushuka, kichwa na tumbo humwuma na daktari haoni ugonjwa. Usiku hapati usingizi, asubuhi haamki. Mvivu hukimbia jembe lakini hakimbii mpira. Yule anayeacha hata kile alichokipenda, huyo yafaa tumtazame kwa makini.

Katika 1 Wafalme 19 twasoma habari za Eliya, aliyetoroka vitisho vya Yezebeli akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Maswali yalikuja baadaye, naye akaruhusiwa kueleza malalamiko yake mara mbili, yale yale. Kisha akapewa kazi ya kufanya, na Elisha wa kufuatana naye. Na sisi wa kanisa tunaungama: ziko siku tumemwombea kijana kwa kelele mbele ya watu, bila kumwuliza hata swali moja.

Basi tuanze kwa kuuliza. Usimketishe mbele yako kama mshtakiwa. Mwulize mkiwa mnamenya viazi au mkienda mtoni: "Tangu ulipobadilisha shule, ni jambo gani linalokuuma zaidi?" Halafu unyamaze. Usimwambie jinsi wewe ulivyotembea kilomita 10 bila viatu, amekwisha kusikia. Baadaye rudisheni utaratibu wa siku, kidogo kidogo: saa ya kuamka, chakula pamoja na wengine, mpira mara mbili kwa juma hata kama hana hamu, kwa maana hamu mara nyingi hufuata nyuma ya mwendo. Na lile linaloweza kutengenezwa litengenezwe: ombi la basari liandikwe, rafiki wa zamani apigiwe simu.

Mazungumzo ndiyo dawa ya kwanza ya huzuni ya namna hii. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shamiri uliofanywa hapa Kenya kwa vijana 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi. Walikutana katika vikundi, mara moja kwa juma, kwa majuma 4. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza sekondari karibuni, na dalili za waliohudhuria zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Je, chama cha vijana cha kanisa lako hakiwezi kujifunza kazi kama hiyo? Vidonge vipo kwa walio na hali mbaya zaidi, lakini ni daktari wa kuvitoa na kuvifuatilia, si duka la dawa.

Huzuni ikidumu karibu kila siku kwa majuma 2, au akiacha kula na kulala, mpelekeni hospitali. Akigawa vitu vyake au akisema afadhali asingezaliwa, msingoje siku hizo. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii mtoto wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Asiachwe peke yake, na dawa ya kunyunyizia mimea na ya kuogeshea ng'ombe zifungiwe, ufunguo ukae kwa mtu mzima. Zamani jamaa wengi walificha mambo haya kwa kuogopa polisi, maana Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mwelezeni daktari mambo yote. Na mtoto akitaka kuzungumza na mtu asiyemjua, simu ya watoto ya Kenya ni 116, bila malipo.

Mama wa kijana yule na aanze na viazi vya jioni hii. Kwaherini, hadi juma lijalo.