Sanaa ya stesheni huanzia kwenye mchoro wa mhandisi

Reli ya chini ya ardhi ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ina stesheni 100, na zaidi ya 90 kati ya hizo zimepambwa kwa michoro, sanamu, vigae na nakshi. Mapambo hayo hayakuongezwa baada ya kazi kukamilika. Mengi yalipangwa pamoja na ujenzi wenyewe.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1937 Bunge la Uswidi liliweka lengo la kutenga asilimia 1 ya gharama za majengo mapya ya serikali kwa ajili ya sanaa. Faida ya utaratibu wa namna hii ni kwamba fedha za msanii huingia kwenye bajeti tangu mwanzo, hazisubiri chenji ya mkandarasi. Katika miaka ya 1950 wasanii Vera Nilsson na Siri Derkert walishinikiza sanaa ipewe nafasi katika reli mpya ya mji. Yakaitishwa mashindano ya wasanii, na stesheni kuu, T-Centralen, ikafunguliwa mwaka 1957 ikiwa na kazi zao.

Derkert mwenyewe alipewa kuta za Östermalmstorg, stesheni iliyozinduliwa mwaka 1965 ambayo pia ilijengwa kuwa kimbilio wakati wa vita. Michoro yake ya wanawake na amani ilichongwa ndani ya zege kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu. Kwa kuwa mchoro ni ukuta wenyewe, haubanduki wala hauibiwi.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na njia ya buluu ya reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1975. Mahandaki yalipasuliwa kwenye mwamba, na badala ya kuuficha nyuma ya kuta bapa, wajenzi waliupulizia saruji ikafuata mabonde na matuta yake. Hapo ndipo wasanii walipopaka rangi. Katika jukwaa la njia hiyo T-Centralen, Per Olof Ultvedt alichora majani ya buluu yanayotambaa hadi darini, na kwenye ukuta mmoja akaweka vivuli vya mafundi waliojenga stesheni. Huko Solna centrum, anga jekundu limetanda juu ya msitu wa kijani. Huko Tensta, mtaa wenye wahamiaji wengi, Helga Henschen aliipamba stesheni kwa heshima yao.

Tofauti hizo zina kazi pia: abiria aliyesinzia hutambua stesheni yake kwa rangi kabla hajasoma jina.

Wanaopanga sanaa hii hupima mengi zaidi ya uzuri. Vifaa visishike moto wala kutoa moshi wa sumu. Rangi zisifanane na taa za ishara au mabango ya kuelekeza njia, na kazi isizibe njia ya kutokea wakati wa dharura. Mtu anayeipita kwa sekunde chache aielewe, na anayesubiri treni kwa dakika kumi apate cha kuendelea kukitazama.

Mwisho ni matunzo. Breki na magurudumu hutoa vumbi la chuma linalofifisha rangi, na maji hupenya kwenye mwamba. Kwa hiyo mpango hutaja mapema nani atasafisha, kwa njia gani, na kwa fungu lipi la fedha. Pasipo fungu hilo, hata kazi iliyobuniwa vizuri huchakaa mikononi mwa mji ulioilipia.