Mafuta ya Samaki: Je, Yanaondoa Mawazo?

Tuseme mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Usiku unajigeuzageuza kitandani, usingizi hauji. Ukiikumbuka tu karatasi ya hesabu, moyo unadunda. Rafiki yako wa bweni anakuonyesha kopo la vidonge laini, rangi ya dhahabu. "Mafuta ya samaki haya, yanaondoa mawazo. Meza, utatulia!"

Je, umeze? Subiri kwanza, tuangalie pamoja.

Ndani ya kidonge kuna nini?

Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wana mafuta yanayoitwa omega-3. Yapo ya aina mbili muhimu: EPA na DHA. DHA ni sehemu ya utando wa seli za ubongo wako. Mwili unayatengeneza kidogo sana, hivyo mengi unayapata kwenye chakula.

Yamehusishwaje na huzuni?

Mwaka 1998 daktari Mmarekani, Joseph Hibbeln, alilinganisha nchi kadhaa. Nchi zilizokula samaki wengi, kama Japani, zilikuwa na wagonjwa wachache wa sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Lakini Japani inatofautiana na nchi nyingine kwa mambo mengi, siyo samaki tu. Jogoo akiwika jua linachomoza, ila siye anayelileta!

Kwa hiyo wataalamu wakafanya majaribio. Kundi moja linapewa mafuta ya samaki, jingine vidonge vinavyofanana navyo lakini havina mafuta hayo. Hakuna anayejua amemeza kipi. Mwaka 2021 Wamarekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 18,000, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliofuatiliwa kwa miaka mitano hivi. Mafuta ya samaki hayakuwakinga na sonona.

Na wale ambao tayari wanaumwa? Majaribio mengine yameonyesha nafuu kidogo, hasa vidonge vyenye EPA nyingi. Mengine hayakuonyesha kitu. Kuhusu wasiwasi, ushahidi ni hafifu zaidi. Tena wengi waliopimwa ni watu wazima, siyo wanafunzi kama wewe.

Piga hesabu

Kopo limeandikwa miligramu 1000. Hayo ni mafuta yote. Geuza kopo usome nyuma: mara nyingi EPA ni miligramu 180 tu na DHA 120. Majaribio mengi yalitumia EPA gramu 1 au zaidi kwa siku. Ungehitaji vidonge sita kila siku! Hela hiyo unayo?

Yana madhara?

Baadhi ya watu hucheua harufu ya samaki au kuharisha kidogo. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine: yana vitamini A, na ikizidi inadhuru, hasa kwa mjamzito. Na kama daktari amekupa dawa ya sonona, usiiache eti kwa sababu umepata mafuta ya samaki.

Sasa nifanye nini?

Wasiwasi wa mtihani ni kawaida. Lala mapema, cheza mpira, gawa masomo yako kidogo kidogo badala ya kukesha, na ongea na mtu. Wale dagaa unaowasukuma pembeni ya sahani, wale! Hawatibu sonona, lakini ni chakula bora na bei yao ni nafuu kuliko kopo.

Ila jiangalie. Ukiwa na huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hufurahii tena vitu ulivyovipenda, huli, hulali, au unawaza kwamba afadhali ufe, hapo usitafute kidonge dukani. Mwambie leo hii mzazi, matroni, nesi au mwalimu wa malezi, au nenda kituo cha afya. Tanzania na Kenya unaweza kupiga namba 116 bure. Sonona inatibika.

Na kama ni rafiki yako anayemeza vidonge hivyo kila usiku, usimcheke. Kaa naye, muulize: "Vipi, kuna nini kinachokusumbua?" Huenda swali hilo ndilo alilokuwa analisubiri.