Je, wajua? Sikio la Nyiragongo

Nyiragongo uko kilomita zisizofika 20 kaskazini mwa Goma, na watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa hatari yake: Januari 2002 lava ilikata mji mpaka Ziwa Kivu. Lakini je, wajua mlima huo husikilizwaje?

Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, hutumia seismometa. Ndugu yake mdogo ni geofoni, na ukiifungua utakuta koili ya waya inayoning'inia kwa springi kwenye sumaku. Ardhi ikitikisika, sumaku huenda nayo, koili huchelewa, na umeme huzaliwa. Umeme wenyewe ni haba mno: ardhi ikisogea kwa mikromita moja kwa sekunde, geofoni ya kawaida hutoa kama mikrovolti 30.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa elektroniki hukwama. Huunganisha koili moja kwa moja na maikrokontrola (chipu ya kompyuta ndogo), wakaona mstari ulionyooka. Maikrokontrola ya bodi ya Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024. Ngazi moja tu inazidi umeme ule zaidi ya mara 150. Tena umeme wa koili hushuka chini ya sifuri, mahali ambapo chipu hiyo haisomi.

Kwa hiyo katikati huwekwa saketi ya analogi, na kwangu mimi hiyo ndiyo roho ya chombo. Amplifaya hukuza ishara. Chujio huzuia mitetemo ya kasi: ukipima mara 100 kwa sekunde, chochote kinachozidi mitetemo 50 kwa sekunde hujigeuza mtetemo wa uongo, na kikishaingia hakuna programu ya kukitenga na ukweli. Kisha kigeuzi cha biti 24 hugawa volti katika ngazi zaidi ya milioni 16. Maikrokontrola huzungumza nacho kwa nyaya nne: mmoja wa mdundo wa saa, mmoja wa amri, mmoja wa kurudisha namba, mmoja wa kuchagua chipu. Huambatanisha saa ya GPS, ndipo namba hutumwa mjini.

Nyiragongo ulilipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa dalili za wazi zilitangulia kwa dakika kama 40 tu.

Basi, kwa kuwa kila dakika ina thamani, ukikuta kisanduku na paneli ya sola vya kituo cha mitetemo, usiviguse, na mwambie jirani naye asiviguse.