Mboni na Insani wa Jicho

Nilipokuwa mdogo, nikipakatwa na bibi yangu mbele ya taa ya chemni, nilimtazama ndani ya weusi wa jicho, nikamwona humo mtoto mfano wa punje ya mtama, nikauliza ni nani aliyemfungia. “Ni wewe, mjukuu wangu,” akanijibu, “ukiondoka, naye huondoka.”

Swali lile la kitoto, kumbe, mataifa mengi yalikwisha kujiuliza tangu kale, na jawabu yakalihifadhi katika lugha zao. Warumi waliita mahali hapo pupilla, yaani kijitoto cha kike au mwanasesere. Wayunani wakasema kore, msichana. Wareno hata leo husema menina do olho, binti wa jicho. Nao Waarabu wana insanu’l-ayn, insani wa jicho, ambaye Mswahili humfahamu bila ya mkalimani. Wote waliona kitu kimoja, kwa kuwa ngozi angavu iliyolifunika jicho kwa mbele imebinuka kama kioo, hurudisha sura ya mtazamaji, na sura hiyo hudhihiri zaidi pale kati, penye tundu jeusi lipitishalo nuru.

Wahenga wetu walishika njia nyingine, nami naistahi mno. Mboni ni neno la asili ya Kibantu, ndugu wa kitenzi ona, ambacho zamani kilianza kwa b, kama kinavyoanza mpaka sasa kwa Wazulu wasemao bona. Kwetu b hiyo imedondoka katika ona, lakini katika mboni imesalimika, kwa kuwa imeegemea m iliyoitangulia. Basi wenzetu walilipa tundu lile jina la sura inayoonekana, sisi tukalipa jina la kuona kwenyewe. Na kwa Wachewa wa Malawi neno lilo hilo, mboni, ni shahidi, mtu aitwaye mbele ya hakimu akaeleze aliyoyashuhudia.

Mtoto, hata hivyo, yumo katika jicho la Mswahili, ila huyu wetu ni maradhi: mtoto wa jicho, ukungu utandao taratibu hata nuru ikazibwa. Bibi yangu alifikwa nayo uzeeni. Siku moja niliinama karibu naye, nikautafuta ule weusi wa zamani nijione, nikakuta weupe mtupu; naye, aliponisikia nikivuta pumzi, akalitaja jina langu.