Mchezo Uliochezwa Milango Imefungwa

Huenda wewe msomaji umelifungua gazeti hili ukiwa umetoka kanisani, au ukingoja chakula cha mchana huku watoto wakicheza uani. Basi ichukue Jumapili kama hii, uirudishe nyuma hadi tarehe 12 Machi, 1944, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Watu wa mji wako makanisani, na polisi wengi wako huko huko. Magari ya kuazima yanapita kwa njia za kuzungukazunguka. Ndani yake wamo vijana wa Kizungu waliojifunika makoti vichwani wasionekane. Hawakuiba kitu wala hawakumwua mtu. Wanakwenda kucheza mpira wa kikapu na vijana Weusi.

Wakati huo, katika jimbo hilo, sheria na desturi zilimtenga Mweusi shuleni, kwenye basi, hospitalini na uwanjani. Vijana wale wa Kizungu walikuwa timu ya chuo cha udaktari cha Duke, na walisifiwa kuwa miongoni mwa timu bora kabisa jimboni. Wenyeji wao walikuwa timu ya chuo cha Weusi cha mji huo huo, North Carolina College, ambayo msimu ule ilikuwa imeshindwa mara 1 tu. Nani zaidi? Mji mmoja, timu mbili, na hakuna aliyeruhusiwa kulijibu swali hilo. Aliyeamua lijibiwe alikuwa kocha wa timu ya Weusi, John McLendon, aliyekuwa na umri wa miaka 28.

Milango ya ukumbi ikafungwa kwa ufunguo. Saa ya mchezo ilikuwapo na mwamuzi alikuwapo, lakini watazamaji hawakuwapo, isipokuwa wanafunzi wachache waliopanda madirishani wakachungulia. Mwanzoni vijana wa pande zote mbili walikosa mipira kwa woga. Kisha woga ukawatoka, na timu ya McLendon ikaanza kukimbia. Mwisho ilikuwa pointi 88 kwa 44.

Baada ya hapo wakafanya jambo ambalo kwa sheria za mahali pale lilikuwa baya zaidi: walichanganya wachezaji, Weusi na Weupe katika timu moja, wakacheza tena. Halafu wakaenda bwenini kuzungumza.

Mwandishi mmoja wa gazeti la Weusi la Durham aliijua habari ile, na hakuiandika. Sisi wa kazi hii tunajua jinsi ilivyo vigumu kukaa na habari kubwa mfukoni. Lakini alijua gharama yake. Miezi minne tu baadaye, katika mji huo huo, dereva wa basi alimpiga risasi na kumwua askari Mweusi aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la nchi yake, baada ya ugomvi juu ya mahali pa kukaa. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, likamwachilia dereva huyo. Siri ya mchezo ilikaa miaka 52. Ilitolewa hadharani mwaka 1996 na mwanahistoria Scott Ellsworth.

SHAURI LA BABA

Huyu McLendon alitoka wapi? Alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1915, katika jimbo la Kansas. Alitaka kuwa kocha, na babaye alijua kwamba katika Chuo Kikuu cha Kansas alikuwapo mzee James Naismith, yule yule aliyeubuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Mwaka 1933 baba akampeleka mwanawe chuoni, akamwambia amtafute mzee huyo na kumweleza kwamba yeye ndiye atakayemshauri katika masomo. Kijana akaenda akasema hivyo hivyo. Naismith akauliza ni nani aliyesema hayo. Kijana akajibu ni baba yake. Mzee akasema kwamba kina baba huwa hawakosei, na mambo yakaishia hapo. McLendon aliipenda kuisimulia habari hii hadi uzeeni.

Lakini asidhani mtu kwamba chuoni mlango ulikuwa wazi. Timu ya mpira wa kikapu ya Kansas haikuwachukua Weusi, kwa hiyo mwanafunzi wa mtu aliyeubuni mchezo hakuruhusiwa kuuchezea chuo chake. Masomo yake yalidai ajue kuogelea. Siku alipoingia katika bwawa la chuo, alipotoka tu maji yote yakamwagwa, kana kwamba ameyatia sumu. Naismith alisimama upande wake, na mwishowe bwawa likafunguliwa kwa Weusi pia. Mwaka 1936 McLendon alipata shahada ya elimu ya mazoezi ya mwili, Mweusi wa kwanza kuipata chuoni hapo.

Tangu 1940 alikuwa kocha mkuu pale Durham. Wakati ambapo timu nyingi zilipitisha mpira polepole, yeye aliwafundisha vijana wake kumbana mpinzani uwanja mzima na kushambulia kwa kasi mara tu mpira unapopatikana. Kwa hiyo aliwakimbiza sana mazoezini, hata wengine wakalalamika. Mwaka 1946 alikuwa mmoja wa waasisi wa mashindano ya vyuo vya Weusi yaliyofanyika Washington, na timu yake ikawa bingwa wa kwanza.

HOTELI KWANZA, MPIRA BAADAYE

Mwaka 1954 alihamia Tennessee A&I, chuo cha Weusi mjini Nashville. Mwaka huo timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya Kansas City pamoja na vyuo vya Wazungu. Kocha mwingine angeushukuru mwaliko na kunyamaza. McLendon alikataa kuleta timu mpaka aahidiwe kwamba vijana wake watalala katika hoteli na kula mezani sawasawa na wengine. Wakakubaliwa. Kwa maoni yangu ushindi huo hauna upungufu mbele ya vikombe vilivyofuata.

Navyo vilifuata. Mwaka 1957, mjini humo humo Kansas City, Tennessee A&I ilitwaa ubingwa wa taifa wa chama cha NAIA, timu ya kwanza ya chuo cha Weusi kutwaa ubingwa wa taifa katika mashindano ya rangi zote. Ikautwaa tena 1958, na tena 1959. Hapakuwa na kocha wa chuo nchini humo aliyepata kufanya hivyo mara 3 mfululizo kabla yake.

Baada ya hapo njia yake haikuwa nyoofu. Alifundisha timu ya wachezaji wa kulipwa mjini Cleveland, akaiacha katikati ya msimu wa 1961-62 kwa sababu mwenye timu aliingilia kazi yake na wachezaji walicheleweshewa mishahara. Wafanyakazi mnaosoma haya mtamwelewa upesi. Mwaka 1966 aliajiriwa na Cleveland State, Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika chuo kikuu chenye wanafunzi wengi wa Kizungu. Hapo, kusema kweli, alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa walimu wa timu ya Marekani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mwaka 1969 timu ya Denver ilimwajiri, ikamfukuza baada ya michezo 28.

Kisha kwa miaka mingi alifanya kazi katika kampuni ya viatu vya michezo ya Converse. Fikiri, msomaji: mwalimu mwenye vikombe 3 vya taifa, na hakuna chuo kikubwa cha Wazungu kilichomwita katika miaka yake ya nguvu.

Mwaka 1979 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa mpira wa kikapu mjini Springfield, lakini kama mtu aliyeuchangia mchezo, si kama kocha. Uzeeni alirudi Cleveland State kufundisha historia ya michezo na nafasi ya Weusi ndani yake. Alifariki tarehe 8 Oktoba, 1999, akiwa na miaka 84. Mwaka 2016 jumba lile lilimwingiza mara ya pili, na safari hii likamtaja kuwa kocha.